Nyama za paja: nimepita kwa mafizio wawili, haya ndo maoni yangu

Leo ni wiki ya 14 tangu nichanike nyama za nyuma ya paja na jana ndo mara ya kwanza nimekimbia spidi yangu yote bila kupeleka mkono nyuma kama mtu anayepapasa waleti yake. Katika hizo wiki nimelala kwenye vitanda vya mafizio (wataalamu wa tiba ya viungo) wawili tofauti kabisa, nimepakwa jeli, nimechomwa sindano, nimebandikwa tepu za bluu, nimechuliwa mpaka nikang'ata taulo, na nimefanya mazoezi ambayo ukimuona mtu anayafanya utadhani anatania. Kwa hiyo nakuja kutoa tathmini ya kila nilichofanyiwa, kwa ajili ya yule ambaye msuli umemchanika na anajiuliza aanzie wapi. Mi sio daktari, ni mgonjwa mzoefu tu.

Ilivyokuwa ni hivi, mpira umepigwa mbele, nikachomoka, hatua ya sita au ya saba nikasikia "pa!" nyuma ya paja la kulia, nikageuka nikijua kuna mtu kanirushia jiwe. Hakuna mtu. Aliyewahi kuchanika huko anaelewa. Siku ya pili paja likageuka zambarau, halafu ule weusi ukaanza kushuka kidogo kidogo kila siku mpaka nyuma ya goti, nikaogopa nikadhani jeraha linatembea, kumbe ni damu tu iliyovilia ndani inateremka chini kama maji yanavyoteremka, wala haina maana kwamba hali inakuwa mbaya.

Fizio wa kwanza sitataja ni wapi maana sina nia ya kumharibia mtu kazi. Watu wapole, shuka safi, hawakuweki foleni. Shida yangu nao ni moja, kwa wiki tatu nzima, mara tatu kwa wiki, kazi yangu mimi ilikuwa kulala kifudifudi. Taa ya joto dakika 15, umeme dakika 20, ultrasaundi dakika tano, kuchuliwa kidogo, haya tuonane keshokutwa. Hakuna hata siku moja niliyoambiwa inuka nikuone unavyokunja goti. Na kiukweli nilikuwa nafurahia! Unatoka pale umelainika, unahisi umetibiwa. Wiki ya pili maumivu yakakata, nikapanda ngazi vizuri, nikaambiwa "uko fiti kaka". Wiki ya tatu nikarudi uwanjani, dakika kumi hazijafika, "pa!" nyingine, palepale, na safari hii sikugeuka kumtafuta aliyerusha jiwe, nilikaa tu chini mwenyewe.

Nilichokuja kujifunza kwa gharama ya hiyo "pa" ya pili ni kwamba maumivu kuisha ni jambo moja na msuli kupona ni jambo lingine, na haya mawili hayaendi kwa mwendo mmoja. Maumivu yanawahi kuondoka. Kovu la ndani linabaki changa wiki na wiki, na mtu ukishajisikia mzima hakuna kinachokukumbusha kwamba lipo. Ndo maana mtu aliyewahi kuchanika nyama za paja yuko kwenye hatari kubwa ya kuchanika tena kuliko ambaye hajawahi kabisa.

Fizio wa pili ni dada mmoja ambaye siku ya kwanza hakuwasha mashine yoyote. Nikajisemea hapa nimepigwa. Alinihoji kwanza, ulikuwa unakimbia au unanyoosha mguu kupiga mpira? Ulianguka au uliweza kutembea? Ganzi ipo, inashuka mguuni? Mgongo unauma? Mwanzo niliona ni maswali ya kupoteza muda ila kila moja lilikuwa na sababu yake, kwa mfano maumivu ya nyuma ya paja yanaweza kutoka mgongoni kwenye mshipa wa fahamu na hapo msuli wenyewe hauna kosa lolote, ukichuliwa paja mwaka mzima ni bure. Halafu akanilaza, akaanza kubonyeza kwa kidole gumba kuanzia ule mfupa tunaoukalia akishuka taratibu, nilipostuka akaweka alama ya kalamu, akaendelea mpaka niliposema hapa haiumi tena, akaweka alama nyingine. Katikati ya alama mbili vidole vinne. Akasema kaka, huku nyuma una misuli mitatu, wewe umechana ule mrefu wa upande wa nje, ndo unaochanikaga watu wakikimbia kasi. Kisha akaniambia nikunje goti nisukume mkono wake, kushoto nilimsogeza, kulia hata hakuyumba. Nilikuwa natembea vizuri kabisa siku hiyo, na mguu ulikuwa hauna nguvu hata ya kusukuma mkono wa dada wa watu! Kwa kipimo hicho tu angenitoza mara mbili ningelipa, maana wiki tatu kwingine hakuna aliyekifanya.

Akanieleza na msuli unavyopona, nami naandika nilivyoelewa. Siku za kwanza panavimba na damu inavilia, mwili unasafisha vipande vilivyokufa. Kisha zinaamka seli fulani zinazolala pembeni ya nyuzi za msuli zikisubiri ajali, ziligunduliwa 1961, hizo ndo zinajenga nyuzi mpya. Wakati huohuo mwili unaweka kovu kuziba pengo. Sasa hilo kovu mwanzoni limekaa hovyohovyo kama kamba zilizotupwa chini, linajipanga vizuri pale tu msuli unapovutwa na kubebeshwa mzigo, taratibu, kwa kupanda. Ukilala tu kifudifudi hakuna anayeliambia lijipange upande gani. Nikamwangalia nikakumbuka ile taa ya joto.

Haya, mashine. Ule umeme wa vibandiko vinne unaotekenya, mi nauona ni mzuri kwa kile unachofanya, na unachofanya ni kutuliza maumivu kwa muda. Wazo lake linatoka kwenye nadharia ya mlango wa maumivu ya Melzack na Wall ya 1965, kwamba ukijaza mishipa ya fahamu hisia nyingine, taarifa ya maumivu inabanwa kwenye uti wa mgongo haipiti vizuri. Ndo kama ukigonga kiwiko unasugua. Kama maumivu yanakunyima usingizi au yanakufanya ushindwe mazoezi, utumie. Ila msuli haushonwi na umeme huo.

Ultrasaundi, hapa nitakera watu. Sizungumzii ile ya kupiga picha, naongelea ile ya kutibu, kichwa cha chuma kinazungushwa juu ya jeli kikitoa mawimbi ya sauti, megahezi 1 kwa nyama za ndani na 3 kwa za juujuu. Huhisi kitu, labda kavuguvugu kidogo. Imetumika miaka mingi na bado ushahidi kwamba inaharakisha msuli kupona ni dhaifu. Nilimuuliza dada kwa nini basi kila mahali wanayo, akacheka akasema wagonjwa wasipoona mashine wanahisi hawajatibiwa. Nilinyamaza maana alikuwa ananisema mimi.

Barafu. Mnakumbuka ile ya pumzisha, weka barafu, funga bandeji, inua mguu, ilitolewa 1978 na daktari wa michezo wa Marekani, Gabe Mirkin, na mwenyewe 2014 akaandika kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona badala ya kusaidia. Mi niliweka siku mbili za kwanza, dakika kumi kumi na kitambaa katikati, inapunguza maumivu kweli, baada ya hapo nikaacha. Bandeji ya kubana ilinisaidia zaidi, hasa kutembea. Kuhusu maji moto na taa ya joto siku ya kwanza wakati ndani bado panavuja damu, jamani hapana.

Na kuchua pia. Tuna tabia, mtu akiumia tu wa kwanza kufika anakamata paja anaanza kusugua kwa nguvu na dawa inayowasha. Kwenye msuli uliochanika au uliopigwa goti ukavilia damu, siku za mwanzo hiyo ni kuongeza jeraha, na kwa paja la mbele lililopigwa vibaya kuna hali ambapo mfupa unaanza kuota ndani ya nyama, kukandamiza kwa nguvu ni moja ya vitu unavyoambiwa ukae navyo mbali. Baadaye kuchuliwa ni raha na kunalegeza ile misuli ya jirani inayokuwa imejikaza kulinda jeraha. Dada alikuwa ananichua kama dakika tano, tena mwanzoni, "nakuandaa ufanye kazi", halafu shuka kitandani. Kule kwa kwanza kuchua ndo ilikuwa kazi yenyewe.

Sindano kavu nilichomwa mara mbili. Ni nyembamba kama nywele nene, haina dawa, inaingizwa kwenye kifundo cha msuli uliokaza na ukifika penyewe msuli unaruka wenyewe kama samaki, unashtuka kuliko inavyouma. Kesho yake unauma kama umebeba magunia, keshokutwa umelegea. Mimi ilinisaidia kwenye tako ambalo lilikuwa limekaza kama jiwe, kwenye jeraha lenyewe hakunichoma. Ila hii usimpe mtu aliyejifunzia mtandaoni, hasa mabegani na mgongoni ambako mapafu hayako mbali na ngozi.

Tepu za rangi zilibuniwa na Mjapani Kenzo Kase miaka ya 1970, bluu na nyekundu na nyeusi kazi ni ileile msije mkachagua kwa rangi. Zilinipa kujiamini, nahisi kama kuna mtu kashika paja. Ziliniletea na muwasho. Basi.

Kuna jamaa akanishawishi nikachomwe ile sindano ya damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine wakapata chembe sahani, zile za kugandisha damu. Nikasoma kwanza, kuna utafiti wa Uholanzi wa 2014 kwa wanamichezo 80 waliochanika nyama za paja, nusu wakachomwa hiyo nusu wakachomwa maji ya chumvi bila kujua, muda wa kurudi mchezoni haukupishana. Nikaiacha.

Sasa mazoezi, na hapa ndo sababu ya kuandika yote haya.

Siku ya kwanza kwa dada nilipewa kitu cha kijinga kabisa kwa kutazama. Lala chali, kunja goti kidogo, kandamiza kisigino sakafuni kama unataka kuitoboa, shikilia sekunde 30, acha, mara tano. Hakuna kinachosogea! Dakika ya pili paja linatetemeka, jasho linatoka, na upande wa kushoto ambao ni mzima ukifanya unaona kama mchezo. Sheria aliyonipa ni kwamba maumivu nikiyapa alama 0 mpaka 10 yasizidi 3, na asubuhi yake yasiwe yameongezeka kuliko jana, yakiongezeka napunguza, hayajaongezeka napandisha. Hiyo sheria ilinitoa woga kuliko dawa yoyote maana kabla ya hapo kila nikihisi kitu nilikuwa nasimama nikidhani nimechana tena.

Na alinianzisha mapema, wala hakungoja. Kuna utafiti wa Denmark wa 2017, wanamichezo wa ridhaa 50 waliochanika msuli wa paja au wa kigimbi, kundi moja lilianza mazoezi siku ya 2 na lingine siku ya 9. Wiki moja tu tofauti. Walioanza mapema walirudi michezoni siku ya 62 na nusu kwa wastani wa kati, waliosubiri siku ya 83. Siku saba za kungoja zikala kama ishirini! Na hizo siku 62 ziangalieni vizuri, mi nilirudi uwanjani siku ya 21 nikijiona mjanja.

Baadaye tukaingia kwenye mazoezi ya kurefusha msuli huku umebeba mzigo. La kwanza unalala chali, unalishika paja kwa mikono miwili liwe wima, halafu unanyoosha goti polepole mpaka pale kabla tu ya kuuma, unarudi, 12 mara tatu, asubuhi na jioni. La pili unasimama mguu mmoja unainama mbele mikono imenyooshwa kama unapiga mbizi, goti limelegea kidogo, siku ya kwanza nilianguka kwenye kiti. La tatu ndo lililonifunza adabu, unavaa soksi mguu mmoja juu ya sakafu laini, unashika kitu, mguu wa jeraha uko mbele umesimama na uzito, ule wa soksi unateleza kwenda nyuma pole pole na unarudi kwa mikono tu. Yanatoka kwa Msweden anaitwa Askling, 2013 alilinganisha wachezaji 75 wa mpira wa ngazi ya juu huko Sweden, waliofanya haya ya kurefusha walirudi mazoezini na timu baada ya siku 28 kwa wastani, waliofanya ya kawaida 51. Wale ni maprofesheno, kazi yao ni hiyo kutwa, mimi na kazi zangu za kukaa sikujilinganisha nao na wewe usijilinganishe.

Kilichonikera kwa fizio wa pili? Kipo. Maelezo marefu, siku nyingine umechoka unataka ulale uguswe tu akuambie pole, yeye anakuuliza jana ulifanya seti ngapi. Nikadanganya tatu, akanipima nguvu, akasema "kaka mguu wako unasema moja". Pia mazoezi mengi unafanyia nyumbani peke yako, na hapo ndo watu wengi tunaanguka. Wiki ya tano nilizembea siku nne nikarudi nyuma, ikabidi turudi hatua moja, hasira zangu nikamwelekezea yeye wakati mwenye kosa ni mimi.

Kukimbia tulianza na kukimbia kwa kujivuta, kisha nusu spidi, kisha robo tatu, kila hatua mara kadhaa kabla ya kupanda. Kabla ya kuniruhusu spidi yote alinipima vitu vitatu. Akabonyeza pale penye alama za kalamu, hapaumi. Akapima nguvu, mguu wa kulia umekaribiana na wa kushoto. Cha tatu alinilaza chali goti likafungwa lisikunjike, akasema rusha mguu juu kwa kasi uwezavyo. Nikarusha. Haukuuma, ila katikati nikasita, kidogo sana, mwenyewe sikugundua. Yeye akaona. "Bado wiki moja, umesita." Nilikasirika aisee, nimefaulu mbili na nusu unaninyima! Wiki iliyofuata nilirusha bila kusita, na ndo tofauti niliyoihisi jana nikikimbia, kwamba sifikirii paja.

Kabla hamjakimbilia mazoezi ya soksi, kuna hali si za fizio kwanza. Kama ulisikia mlio mkubwa karibu na tako na huwezi kukanyaga, au unaona shimo kwenye msuli, kano inaweza kuwa imeng'oka kwenye mfupa na hiyo ni ya picha na daktari wa upasuaji mapema, sio baada ya miezi miwili ya kuchuliwa. Na kigimbi kikivimba, kina joto, kinauma na wala hukukimbia wala kuteguka, usimruhusu mtu akisugue, nenda hospitali wakaangalie damu iliyoganda. Ukibanwa kifua au pumzi juu yake, nenda sasa hivi.

Tena jambo lililonishangaza, kwenye timu kubwa za wanaume Ulaya zinazofuatiliwa na utafiti wa UEFA, nyama za paja zilikuwa 12% ya majeraha yote msimu wa 2001/02, msimu wa 2021/22 zimefika 24%. Na wale kila mashine unayoijua wanayo.

Kwa hiyo ukiniuliza fizio wa kumchagua, usiulize ana mashine gani, uliza siku ya kwanza atakupima nini na utaondoka na mazoezi gani ya kwenda kufanya. Akijibu kwa kukuonyesha mashine mpya, mpongeze uondoke. Wa kwanza nampa 3 kati ya 10, hizo tatu ni za shuka safi na upole, wa pili nampa 9, moja nimeizuia kwa ile wiki ya kusita, najua alikuwa sahihi ila bado inaniuma.

Sasa hivi nimebakiwa na zoezi moja tu ambalo ameniambia nisiache hata nikipona, la kupiga magoti mtu akakushika vifundo vya miguu unajiangusha mbele polepole kama mti unaokatwa huku ukijizuia kwa nyuma ya paja. Lina utafiti mwingi wa kuzuia kuchanika. Sina wa kunishika kila siku kwa hiyo nachomeka visigino chini ya kitanda. Nilianza naanguka kama gunia kwenye mto, sasa nafika katikati. Juzi nilifika chini zaidi nikafurahi kweli, nimeinuka nikakuta kitanda ndo kilikuwa kinanifuata.